Daktari Anayesikiliza: Anapatikanaje?

Tunapozungumzia huduma za afya vijijini, kwa kawaida tunataja dawa, vitanda na upungufu wa watumishi. Lipo jambo jingine ambalo mgonjwa hulitambua mara anapoketi mbele ya daktari: kama anasikilizwa au la. Makala hii inaeleza jinsi mwanafunzi wa udaktari anavyojifunza kusikiliza, anavyoweza kuupoteza moyo huo, na nafasi ya jamii katika kuulinda.

Akili ya hisia ni nini?

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliieleza akili ya hisia kuwa ni uwezo wa mtu kutambua hisia zake na za wenzake, na kuzitumia kuongoza mawazo na matendo yake. Ndani yake kuna uwezo wa kujiweka katika nafasi ya mwenzako.

Tuchukue mfano. Mama anateremka kutoka milima ya Uluguru hadi Mlali na mtoto mwenye homa ya siku nne. Mwanafunzi akimkaripia kwa kuchelewa, mama atanyamaza. Hatasema kwamba alianza na dawa za mitishamba, wala kwamba alikosa nauli ya bodaboda. Lakini akimwambia "Shikamoo mama", akaketi na kumwuliza taratibu ugonjwa ulivyoanza, ataelezwa yote. Hivyo basi, kusikiliza ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ushahidi upo. Utafiti wa Parma, Italia, uliochapishwa mwaka 2012, uliangalia wagonjwa wa kisukari 20,961 na madaktari wao 242. Wagonjwa wa madaktari waliopata alama za juu katika kipimo cha kujali walilazwa mara chache zaidi kwa matatizo ya ghafla ya ugonjwa huo.

Moyo huu hupotelea wapi?

Watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliwafuatilia wanafunzi 456 wa udaktari na kutoa matokeo mwaka 2009. Miaka miwili ya kwanza hali haikubadilika sana. Alama zilishuka mwaka wa tatu, wakati ambapo mwanafunzi anaingia wodini.

Kwetu Tanzania masomo ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Hata hapa mkoani Morogoro tunacho chuo cha Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kilichoanza mwaka 2010. Kijana anapoingia wodini hukutana na msongamano, kukesha na vifo. Aidha, huwaiga wakubwa wake: anayefokewa kila siku hujifunza kufoka.

Somo kutoka Tanga

Utafiti uliofanyika mkoani Tanga na kuchapishwa mwaka 2014 uliwahoji akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya na hospitali. Walipokuwa wanatoka, karibu 2 kati ya 10 walisema walitendewa bila heshima. Walioulizwa tena wakiwa nyumbani, wiki kadhaa baadaye, walifikia karibu 3 kati ya 10. Mtu husema zaidi akiwa kwake.

Baadaye, katika mradi ulioitwa Staha, wananchi na watumishi wa wilaya moja walikaa pamoja wakakubaliana juu ya mkataba wa huduma wenye haki na wajibu wa kila upande. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa vitendo hivyo vilipungua sana kuliko katika wilaya ya kulinganisha.

Kamati zetu zifanye nini?

1. Wanafunzi wanapoletwa vijijini kwa mafunzo, tuwapokee na kuwapeleka majumbani, kwa ridhaa ya wenyeji. Aliyepanda mlima hadi kwa mgonjwa hatamwuliza tena kwa ukali kwa nini amechelewa.

2. Tuwatembelee wagonjwa waliorudi nyumbani, tusikilize, kisha tufikishe maoni kwenye kamati ya kituo cha afya bila kutaja majina.

3. Tuwapongeze watumishi wanaohudumia vizuri. Wanafunzi wataona ni nani wa kuigwa.

4. Wafadhili wakumbuke malazi na nauli za wanafunzi hao, pamoja na kumwezesha mtumishi mzoefu kupata muda wa kukaa nao na kuzungumza juu ya waliyoyaona.

Dawa tunaweza kuzinunua. Moyo wa kusikiliza hulelewa, na wodini unaweza kufa mapema tusipousaidia.