Kura ya Wenzake

Mpiga fidla hulelewa awe nyota. Huanza akiwa na miaka mitano au sita, kwa fidla ndogo inayolingana na mkono wake, na akifika ujanani mazoezi humla saa nne au tano kwa siku. Chuoni hushindishwa na koncheto za Tchaikovsky, Brahms na Sibelius, tungo zinazomweka mpigaji mmoja mbele na okestra nzima nyuma yake. Kisha anahitimu, anatafuta ajira, na ajira iliyopo ni ya kukaa huko nyuma.

Katika okestra kubwa, fidla za kwanza pekee huweza kufika 16, wapigaji wakikaa wawili wawili kwenye kinara kimoja cha nota. Pinde hupanda na kushuka pamoja, kwa mwelekeo aliouamua kiongozi wa fidla. Anayesikika peke yake amekosea, hata kama sauti yake ni tamu.

Usaili hupima yote mawili, upigaji wa peke yake na wa pamoja. Mwombaji huanza na koncheto ya Mozart, yenye nota zilizo wazi kiasi kwamba kosa halina pa kujificha. Halafu hutakiwa apige vipande vya okestra, na mara nyingi kimojawapo ni ukurasa wa kwanza wa Don Juan wa Richard Strauss. Hapo wasaili husikiliza kama ana uwezo wa kushika kasi bila mtu wa kumwongoza. Boston Symphony ilianza miaka ya 1950 kuweka pazia, mwombaji asikike bila kuonekana.

Berlin Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1882, imewaachia wanamuziki wenyewe uamuzi. Anayeshinda usaili huwekwa kwenye kipindi cha majaribio, kisha wenzake humpigia kura. Mwaka 1982 walimpokea mpiga fidla Madeleine Carruzzo, mwanamke wa kwanza katika okestra hiyo. Lakini Sabine Meyer, mpiga klarineti aliyetakwa na kiongozi wao mkuu, Herbert von Karajan, walimkataa kwa kura 73 dhidi ya 4. Hoja yao ilikuwa kwamba sauti yake haichanganyiki na zao; Karajan alishuku kwamba kilichowakera ni uanamke wake. Meyer aliondoka, akajijengea jina kubwa kama mpigaji wa peke yake.

Kuchanganyika, basi, ni ujuzi halisi, na pia ni kisingizio kizuri. Ujuzi huo haufundishwi vizuri chumbani. Chuo cha okestra hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1972, huwaketisha vijana kando ya wakongwe katika maonyesho halisi, wajifunze kumsikiliza jirani kabla ya kujisikiliza wenyewe.

Anayepita hapati kiti tu. Wanamuziki haohao ndio waliomchagua Kirill Petrenko kuwa kiongozi mkuu mwaka 2015. Na nafasi ikitokea tena, mgeni wa jana ataketi ukumbini, amsikilize mwingine akipiga Mozart, kisha naye apige kura.