Kimeng'enya: je, kila kimeng'enya humeng'enya?

Nomino hii ya ngeli ya KI-VI (kimeng'enya hiki, vimeng'enya hivi) imetokana na kitenzi *meng'enya*, yaani kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, hasa chakula tumboni. Kitenzi hicho kisichanganywe na *menya*: muuza matunda wa Kariakoo humenya nanasi, tumbo la mnunuzi ndilo hulimeng'enya. Katika biolojia, kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali katika kiumbe hai. Kisawe chake ni enzaimu.

Utata

Asili ya neno humfanya mwanafunzi adhani kwamba kila kimeng'enya huvunja. Sivyo, vingine huunganisha. Nanasi lililooshwa kwa maji machafu laweza kubeba bakteria wa kipindupindu, *Vibrio cholerae*, na bakteria huyo anatoa mfano mzuri. Ugonjwa wake uliripotiwa Tanzania mwaka 1974, na mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam.

Utando wa nje wa bakteria huyo una lipidi A, yenye chaji hasi. Peptidi za kinga za mwili, zenye chaji chanya, huvutwa na chaji hiyo, hunasa kwenye utando na kuutoboa. Bakteria wa aina ya El Tor, iliyoanzisha wimbi la saba la kipindupindu duniani mwaka 1961, ana protini tatu za kujihami. AlmE huandaa glisini, ambayo ni asidi amino ndogo, na kuipakia kwenye AlmF. AlmG huipachika kwenye lipidi A. Uhasi wa utando hupungua, na peptidi hukosa pa kushika. Ndiyo maana polimiksini B, dawa inayoshambulia utando huohuo, iliua aina ya kale ya bakteria huyo lakini ikashindwa na El Tor. Maabara zilitumia tofauti hiyo kuzitambua aina hizo mbili.

Ushauri kwa mfasiri

Iandikwe *vimeng'enya vinavyorekebisha lipidi*, si *vinavyomeng'enya lipidi*. Kauli ya pili hugeuza maana: msomaji ataelewa kwamba bakteria anaubomoa utando wake, ilhali anauimarisha.

Vilevile, *ukali* na *sumu* si visawe. Ukali wa bakteria ni kiwango cha uwezo wake wa kudhuru mwili. Sumu ni silaha mojawapo tu. Katika kipindupindu, kuharisha husababishwa na sumu ambayo bakteria huitoa utumboni. Glisini iliyopachikwa kwenye utando si sumu. Ni ngao inayomwezesha bakteria kuhimili kinga ya mwili.

Mifano

*Kimeng'enya hiki hupachika glisini kwenye lipidi ya utando wa nje.* (Sahihi)

*Kimeng'enya hiki humeng'enya wanga.* (Sahihi, kwa kuwa hapa kweli kinavunja)

*Kimeng'enya hiki huongeza sumu ya utando.* (Si sahihi, ikiwa kinachokusudiwa ni ustahimilivu)