Miaka tisa majuu, nikarudi kuvaa 'L'

Ngoja nianzie usiku ule, maana bila usiku ule makala hii isingekuwepo.

Septemba 2023, saa saba usiku, nyumbani kwa mama, Usevya. Mama amekaa kitandani anahema kama aliyetoka mbio. Presha imepanda, na kule kituo cha afya tulishaambiwa wazi: huyu apelekwe Mpanda, tena sasa hivi. Gari la wagonjwa limetoka na mgonjwa mwingine. Uani, chini ya mwembe, imepaki Hilux ya marehemu baba, mafuta nusu tenki, na ufunguo ninao mimi mkononi.

Na bado nimesimama tu.

Msomaji wangu, usinicheke kwanza. Leseni nilikuwa nayo, tena siyo moja. Ya kwanza niliipata Mpanda mwaka 2012, mwaka ule ule Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa. Enzi hizo leseni ni ya miaka mitatu, shilingi 40,000, na ile kadi mpya ya plastiki bado tunaionea fahari kama pete ya uchumba. Mwaka 2014 nikamfuata mume wangu Uingereza, mji wa Reading. Kadi ikaisha muda wake mwaka 2015 ikiwa kwenye droo, chini ya risiti na betri zilizokufa. Nani angekumbuka leseni ya Bongo huku anapambana na baridi?

Ya pili niliipata huko huko. Uingereza mgeni mwenye leseni ya Tanzania anaruhusiwa kuiendeshea miezi 12 tu toka aanze kuishi pale. Ikipita hapo, hata kama ulikuwa unaendesha basi la mikoani, unaanza upya. Kuna mtihani wa maswali 50 kwenye kompyuta, upate angalau 43, halafu zinafuata video za kutambua hatari barabarani, halafu ndipo unaingia barabarani na mtahini. Mimi maswali yalinikwamisha mara ya kwanza, nikapita mara ya pili. Barabarani nikafanyia mtihani kwenye gari la otomatiki, na sheria ya kule inasema ukifaulu kwa otomatiki, la gia za mkono huligusi. Wakati ule sikujali. Gari letu lilikuwa otomatiki, na hata hilo sikuliendesha sana.

Hapa ndipo nitawaudhi baadhi ya wanaume, na mmoja wao analala nyumbani kwangu. Mume wangu ni mtu mwema, ila akikaa kiti cha abiria anageuka kuwa trafiki. "Mama, breki. Breki! Umemwona yule wa baiskeli?" Mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kana kwamba na yeye ana breki yake pale. Safari tatu za namna hiyo zilitosha. Safari ya nne nikampa ufunguo nikasema "endesha wewe," na kuanzia siku hiyo nikawa abiria wa kudumu. Sitasema alininyima gari. Nilikubali mwenyewe, kwa sababu kukaa pembeni na simu mkononi kuna raha yake. Mwenzangu unayesoma hii ukiwa umekaa kushoto, unajua ninachosema.

Turudi Usevya. Usiku ule tulimtafuta dereva kwa karibu saa mbili. Tuligonga nyumba ya kwanza, mwenyewe yuko safarini. Ya pili, mwenyewe amekunywa. Mwisho akapatikana kijana wa jirani anayeendesha Fuso ya kubeba mpunga, akaja na kandambili miguuni, akawasha Hilux mara moja ikawaka. Mama nikamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu. Kwa wasioijua njia hiyo: kutoka Usevya hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita mia moja. Unapita Kibaoni, halafu unaingia ndani kabisa ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unatokea Sitalike ndipo uutafute mji. Usiku barabara ni ya tembo na viboko, na hakuna honi itakayowafundisha adabu. Nilihesabu pumzi za mama njia nzima.

Alipona, Mungu mkubwa. Daktari akasema ahudhurie kliniki kila mwezi. Asubuhi nilimpigia mume wangu Dar nikamwambia nimeamua kujifunza udereva upya. Akanyamaza kidogo. "Si tuajiri tu dereva? Halafu wewe si ulishakuwa na leseni?" Nikamjibu leseni nilishakuwa nayo, ndiyo, nilichokosa usiku ule ni mikono. Tukamaliza maongezi vibaya. Siku mbili hatukupigiana simu.

Unajua kilichofuata? Kishoka. Siku moja niko Mpanda nakunywa chai, jamaa mmoja mtanashati akanisogelea. Sijui nani alimnong'oneza shida yangu. "Dada, wewe ni mtu mzima, umekaa Ulaya, uhangaike na chuo na watoto wa form four kwa nini? Nipe wiki moja, kadi unaletewa." Akataja bei. Nitasema ukweli: nilifikiria. Siku tatu nzima nilifikiria, na nikakaribia kutoa hela. Kazi za ofisini zilikuwa zinanisubiri kwenye kompyuta na mama alikuwa anataka uangalizi. Kilichonizuia wala siyo uadilifu. Kila nikiifikiria ile kadi naiona iko kwenye pochi, halafu naiona Hilux chini ya mwembe, saa saba usiku, na mimi nimesimama vile vile.

Basi, nikajiandikisha chuo cha udereva. Leseni ya kujifunzia mkononi, 'L' nyekundu mbele na nyuma ya gari, ya tatu maishani mwangu. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote. Vijana wa bodaboda waliokuja kusomea magari walikuwa wananiita "mama mkubwa". Tulikuwa na meza iliyochorwa mji mdogo, yenye kipilefti na vivuko na taa, tunasukuma vigari vya kuchezea kwa vidole huku mwalimu anauliza: hapa nani anapita kwanza? Nilidhani nitang'ara. Uingereza nao wanashika kushoto kama sisi, alama nyingi zinafanana, kwa hiyo niliingia na majivuno kidogo.

Majivuno yalikwisha siku ya kwanza barabarani. Gari lilinizimikia mara sita kabla ya kutoka getini. Mguu wa kushoto ulikuwa umelala miaka tisa, hauijui tena klachi. Mwalimu, mzee mtaratibu mwenye kofia ya sufi hata juani, alikuwa anarudia neno lile lile: "Iachie taratibu, mwanangu. Klachi ni kama mtoto aliyesinzia, humwangushi kitandani." Nikimaliza kuachia taratibu, nasahau gia. Nikikumbuka gia, nasahau kioo.

Lakini kilichonitesa zaidi ni lugha. Barabara ina lugha yake, na mimi nilikuwa nimerudi na lafudhi. Kule Reading dereva akikuwashia taa mara moja, mara nyingi anakuambia pita wewe. Mara ya kwanza Hiace iliponiwashia taa nikadhani nimepewa nafasi, nikaanza kujitosa. Mwalimu akakanyaga breki ya upande wake (huyu breki anayo ya kweli). "Huyo anasema anapita YEYE!" Na wakati mwingine taa hizo hizo, mkipishana njia kuu, maana yake ni trafiki yupo mbele, punguza. Halafu kuna indiketa ya lori. Ukiwa nyuma ya lori njia ya mikoani, dereva wake akiwasha ya kulia na wala hakati kona, anakuonya usiovateki, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakuambia njia nyeupe. Haya huyakuti kwenye kitabu chochote cha alama, na mwalimu alinionya: msikilize dereva wa lori, lakini angalia kwa macho yako, maana kuna anayewasha ya kulia kwa sababu anakata kulia kweli.

Na ng'ombe je? Kwetu bonde la Rukwa mifugo ni mingi, na kundi likiingia barabarani hukati katikati wala hupigi honi kama uko mjini. Unasimama, unamwangalia mchungaji, anakupa ishara kwa fimbo. Nikiwa na vyeti vyangu vyote nilifundishwa kusoma fimbo ya kijana wa miaka kumi na mbili.

Siku ya kupimwa ilikuwa Novemba. Askari wa usalama barabarani aliniuliza alama, akanirudisha rivasi katikati ya nguzo, hapo nikapita vizuri. Tulipofika makutano nikasimama kusubiri, Kiingereza kabisa. Bodaboda ikapita. Ikapita ya pili. Guta likapita, mwenye baiskeli akapita, mbuzi naye akapita. Mimi bado natabasamu nawapa nafasi. Afande akageuka taratibu. "Mama, tulale hapa?" Nikaingiza gia, gari likazima. Nikajua nimekwisha. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka huru, nikawasha upya, nikaangalia kulia, kushoto, tena kulia, nikaondoka bila kuruka. Baadaye aliniambia gari kuzimika siyo kosa kubwa. Wengi likiwazimikia wanapaniki, wanawasha likiwa kwenye gia, na hapo ndipo wanapomgonga wa mbele. Akanisainia.

Nikaenda TRA kwa picha, alama za vidole na malipo. Siku hizi kadi ni ya miaka mitano, na mwaka ule nililipa 70,000. Kama una ndugu anayejiandaa kusafiri, mwambie aangalie tarehe ya mwisho kwenye kadi yake kabla ya kupanda ndege, na akiwa likizo aishughulikie ingali hai. Na wewe ambaye upo hapa hapa nchini, itoe kwenye pochi uiangalie sasa hivi. Nitakusubiri.

Mume wangu alikuja Desemba. Nilikuwa Mpanda na mama, tumemaliza kliniki, nikampitia stendi ya mabasi. Tulikumbatiana, akamsalimia mama mkwe wake kwa heshima zote, akazunguka gari akaenda moja kwa moja mlango wa kulia. Akanikuta nimeshakaa, mkanda nimefunga. Tukatazamana kupitia dirishani. Najua alikuwa na mengi ya kusema, na pengine bila mama yangu pale nyuma angeyasema. Akazunguka tena, akapanda kushoto.

Hadi Sitalike alijitahidi, mdomo ulifungwa kabisa. Mguu ndio ulimshinda. Tulipoingia hifadhini ndorobo wakaanza kugonga vioo, nikapandisha madirisha, nikashusha gia. Mbele kidogo tembo wanne wamesimama kando ya barabara, mmoja mdogo. Nilisimama mbali, nikaweka huru. Nikamsikia mume wangu anavuta pumzi, na mguu wa kulia unasukuma sakafu hadi mkeka ukajikunja.

Mama akainama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Baba," akamwambia mkwewe, kwa upole kabisa, "huko chini kuna nyoka?"

Nilicheka hadi nikaogopa tembo watasikia. Alianza kununa, akashindwa, akacheka na yeye. Tulikaa pale kama dakika ishirini hadi yule mdogo alipovuka, nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu.