Makuzi ya Binadamu (Sehemu ya 3): Mwanafunzi wa Voi Akasome Nyumbani kwa Watu

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, na tangu hapo simu yangu haijapoa. Wazazi wa Voi, Mwatate na hata Taveta wanauliza jambo lile lile: mtoto wa miaka 15 atachaguaje kati ya mkondo wa Sayansi na Teknolojia, wa Sayansi za Jamii na wa Sanaa na Michezo, ilhali juzi alitaka urubani na leo anataka muziki? Nao vijana wanaosomea uuguzi na ualimu katika vyuo vya hapa wameniuliza kama zile hatua nane za Erikson tulizozipitia katika makala iliyopita zinatosha kuwajibu wazazi hao.

Nitalijibu swali la Gredi ya 10 kabla sijaweka kalamu chini. Lakini barua za hao wanafunzi zimenigusa pabaya, kwa sababu zinaonyesha jinsi somo la makuzi ya binadamu linavyosomwa vyuoni. Mwanafunzi anapewa jedwali: Freud, Erikson, Piaget, Kohlberg, na miaka pembeni. Analikariri usiku wa kuamkia mtihani, analimwaga kwenye karatasi, basi. Anaweza kukueleza watoto wa Geneva walifikiri nini juu ya maji yaliyomiminwa katika gilasi nyembamba, lakini hajawahi kukaa saa moja kumtazama mtoto wa jirani yake katika mtaa wa Sofia au Mwakingali akicheza. Mbaya zaidi, anamaliza chuo akiamini kwamba elimu hii ilipikwa Ulaya ikaletwa kwetu ikiwa tayari.

Si kweli, na ni wajibu wetu kusema hivyo kwa sauti. Baadhi ya yale wanayoyakariri yalichimbwa hapa Afrika Mashariki.

Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akimfuata mumewe Leonard aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Alikuwa ametoka London, alikofanya kazi na John Bowlby, yule aliyefundisha kwamba mtoto mchanga huhitaji mtu wake wa kumshikilia kama anavyohitaji maziwa. Hakufungua maabara. Alitafuta familia 26 zenye watoto wachanga katika vijiji vya Waganda, akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili hivi, nyingine kwa miezi hadi tisa. Alikaa pale pale watu walipopokelea wageni, akatazama. Mama akitoka nje, mtoto anafanya nini? Akirudi, anamtambalia mbio, anamnyooshea mikono, au anamgeuzia mgongo? Mgeni akimtisha, anajificha kwa nani? Aligundua kwamba mama aliyeweza kueleza habari za mwanawe kwa undani, anachopenda, anacholilia, anavyolala, ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia. Kitabu chake cha watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na jaribio lake maarufu la Baltimore ambalo kila mwanafunzi hulitaja katika mtihani lilijengwa juu ya yale aliyoyaona katika nyumba hizo. Kazi yote ilipitia kinywani mwa mkalimani wake, Katie Kibuka. Jina hilo halipo kwenye majedwali yetu, nami nawaomba walimu waliandike.

Miaka hiyo hiyo daktari Mfaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wa Kampala akatangaza kwamba huwahi kukaa na kusimama kuliko wa Ulaya. Wakatokea watu wa kusema ni damu. Jibu lilipatikana Kenya. Katika miaka ya 1970 Charles Super na mkewe Sara Harkness waliishi Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis. Super aliona kwamba mama wa Kokwet alimfundisha mtoto kukaa: alichimba kishimo ardhini, akamketisha ndani, akamzungushia blanketi zilizokunjwa ili asianguke. Alimshika makwapani akamrusharusha ili miguu ipate nguvu. Basi mtoto wa Kokwet alikaa akiwa mdogo kwa karibu mwezi mmoja kuliko wa Marekani, na kutembea pia aliwahi. Lakini katika kutambaa hakuwatangulia, kwa sababu kutambaa hakuna aliyekuwa akimfundisha, na muda mwingi alikuwa mgongoni au mapajani, si chini. Damu haikuhusika. Ni mikono ya watu na nia yao.

Shirika la Afya Duniani nalo lilikuja kuthibitisha jinsi watoto wenye afya wanavyotofautiana katika kukua. Liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, na matokeo yalitoka mwaka 2006: mtoto mwenye afya anaweza kutembea peke yake akiwa na miezi minane na siku kadhaa, na mwingine mwenye afya vilevile akangoja hadi miezi kumi na saba na zaidi. Wapo, karibu wanne katika kila mia, ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Muuguzi wa Voi anayelijua hili hatamtisha mama kliniki kwa sababu mtoto wa miezi 13 bado anashika viti. Na akitaka kipimo kilichotengenezwa kwetu, asiende mbali. Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao walitunga kipimo cha miondoko na ustadi wa mikono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, wakakichapisha mwaka 2008. Ni safari ya nusu siku kutoka Voi, lakini nimekutana na wahitimu ambao hawajakisikia.

Sasa nije nyumbani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo siku zote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Grace Harris na mumewe Alfred waliishi katika Milima ya Taita wakijifunza maisha ya watu. Mwaka 1978 Grace Harris alichapisha kitabu, *Casting Out Anger*, kuhusu dini ya asili ya Wataita, Wutasi. Kinasomwa vyuo vikuu vya mbali, ilhali kingestahili kuwa mezani kwa kila anayefundisha makuzi ya binadamu hapa. Kiini cha dini hiyo kilikuwa hasira ya moyoni. Mtu mwenye haki juu yako, baba, mama, mjomba au mzee wa ukoo, akikufungia hasira kifuani, hata bila kutamka neno, hasira hiyo iliweza kuleta maradhi, na mara nyingi aliyeumia alikuwa mtoto. Kwa hiyo mtoto alipougua, mganga wa kupiga ramli hakuishia kuuliza alikula nini. Aliuliza ni nani katika nyumba hii ana kinyongo. Akipatikana, alipewa kilichomstahili, kisha ilifanywa kutasa: mzee aliteka funda la pombe ya miwa au maji, akalipuliza kwa matone huku akitamka maneno ya heri kwa mgonjwa, kwa mifugo na kwa mji mzima. Alikuwa anaitoa hasira nje, mbele ya mashahidi.

Sisemi kutasa ni dawa ya malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Moi haraka. Ninachosema ni kwamba wazee hao waliuona uhusiano ambao sayansi imeufikia kwa njia ndefu. Wataalamu leo wanatuambia kuwa mtoto anayekulia katika ugomvi usiokwisha huishi mwili wake ukiwa macho kama wa askari wa zamu: kotisoli, homoni ya wasiwasi, haishuki inavyopaswa, usingizi unaharibika, masomo yanadorora, na mwili wenyewe huweza kudumaa. Wazee wa Taita hawakuijua kotisoli, lakini walijua kwamba afya ya mtoto inaanzia katika mioyo ya watu wazima wanaomzunguka, na wakaweka utaratibu wa kuwalazimisha watu wazima hao kupatana. Sisi tumeuacha utaratibu, na hatujaweka mwingine mahali pake.

Kisha yako mafuvu. Mzee alipokufa alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likawekwa pamoja na ya wenzake wa ukoo, katika pango au chini ya mwamba. Huko ndiko ukoo ulikokwenda kunena naye mvua ilipokataa au nyumba ilipokosa mtoto. Wamishonari wa Kianglikana walianza kituo Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki wakafika Bura mwaka 1892, na katika miaka iliyofuata vijana waliosoma wakaanza kuyaonea haya mapango hayo. Mimi ni Mkristo, wala siombi turudi huko. Lakini nakerwa sana nionapo wageni wakipelekwa pangoni kupiga picha na mafuvu ya watu waliokuwa na majina, wake, waume na wajukuu. Yale ni makaburi. Yaheshimiwe, yalindwe, na mwenye kuyaeleza awe mtu wa ukoo.

Kwa mwanafunzi wa makuzi, mafuvu yale yana somo zito. Kwa Mtaita wa zamani maisha hayakuishia kaburini. Mzee aliendelea kukua katika cheo hata baada ya kufa. Mwanasaikolojia wa Kameruni, Bame Nsamenang, aliandika mwaka 1992 kwamba nadharia za Magharibi huanza na mtoto kuzaliwa na kukoma na mtu kufa, ilhali Waafrika wengi huona utu ukianza kabla ya kuzaliwa na kuendelea katika uzimu. Kadiri alivyoeleza, mtu hukomaa kwa majukumu anayopewa na jamaa: kutumwa, kulea mdogo wake, kuchunga, kuoa, kuamua kesi. Nikisoma maneno yake nawaona wazee wa milima hii.

Ndiyo maana nimekuwa nikipigania jambo moja kwa miaka mingi: uzee usibanwe mwisho wa muhula. Katika vyuo vingi, utoto unafundishwa wiki baada ya wiki, ujana wiki kadhaa, na uzee unapitiwa saa moja, muhula ukiisha. Hata Erikson aliuachia hatua moja tu, ya nane. Ni mkewe Joan, akiwa amepita miaka 90, aliyeongeza ya tisa katika toleo la mwaka 1997, kwa sababu alikuwa ameifikia mwenyewe. Katiba yetu ya 2010 inamwita mzee mtu aliyepita miaka 60, na kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa na Serikali. Sensa ya 2019 iliwahesabu wazee hao kuwa takribani milioni 2.7. Serikali inawapa waliofikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, nao wanangoja wakati mwingine miezi. Na katika kaunti jirani ya Kilifi, mvi zimekuwa sababu ya mtu kuitwa mchawi na kuuawa, mara nyingine na wajukuu wanaokitamani kiwanja chake. Sisi wa jamii iliyoyahifadhi mafuvu ya wazee wake tunawezaje kunyamaza wakati wazee walio hai wa jirani zetu wanaogopa kulala? Muuguzi na mwalimu ambao hawakufundishwa uzee hawawezi kuwa watetezi wa wazee.

Sasa Gredi ya 10, kwa ufupi. Mzazi, kubadilika kwa mtoto wa miaka 15 si ukaidi. Sehemu za ubongo zinazopima matokeo ya mbali huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na Erikson alituonya tusimfungie kijana mlango kabla hajajaribu kadhaa. Mchagulie mkondo kwa kutazama anachokifanya bila kutumwa, si kwa kutazama alama peke yake. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba waliojua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati wa Kiingereza. Akili ilikuwepo, shule haikuiuliza. Na mtoto wako akitaka kubadili mkondo, asiaibishwe.

Kwa wakuu wa vyuo vya hapa Voi nina ombi. Kila mwanafunzi wa somo hili apewe familia moja ya kutembelea muhula mzima, kwa ridhaa yao: amtazame mtoto mmoja, na amsikilize mzee mmoja. Aandike kwa Kiswahili, au kwa Kidawida au Kisagalla kama anakijua, na maandishi hayo, majina yakifichwa, yawekwe maktaba ili wanaokuja wayakute. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mhadhiri aliye tayari kusahihisha kazi ambayo haiwezi kunakiliwa kutoka kwa mwenzako, na mwanafunzi aliye tayari kuzima simu na kukaa na watu. Ainsworth alivuka bahari kufanya hivyo. Erikson mwenyewe aliwafuata Wasioux na Wayurok wa Marekani walikoishi kabla ya kuandika hatua zake nane. Wetu wanahitaji nauli ya matatu tu, au hata hiyo hawaihitaji.

Makala ijayo nitaeleza jinsi ya kumtazama mtoto kwa saa moja bila kumharibia mchezo wake, na maswali ya kumuuliza mzee ambayo hayatamchosha.