Salongo ya Wazee Wetu

Mshahara una mwisho, utumishi hauna. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliwalazimisha raia kufanya salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Kazi ya amri huacha kinyongo. Ya hiari huleta heshima. Kwa hiyo twawasihi wastaafu wa komini ya Tshopo, mjini Kisangani, wasingoje amri. Mwalimu awafundishe kusoma watoto wa jirani. Fundi aliyeitumikia reli ya Ubundu, yenye kilometa 125, awarithishe vijana ufundi wake. Akina mama wamtembelee mgonjwa asiye na mtu. Tena wachangiane kwa zamu katika likelemba, maana pensheni ikichelewa, wenzako ndio watakaokununulia dawa. Mzee aliyetengwa hunyauka upesi. Anayehitajiwa huamka mapema.