Lau Wamongoli wangeingia Ukristo

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, vijana wetu wanaosoma historia huuliza swali ambalo wazee wengi hulikwepa: lau Wamongoli waliouangusha ukhalifa wa Baghdad wangeingia Ukristo, hali ya Uislamu ingekuwaje? Wapo watakaosema kuwa swali hilo halifai, kwa sababu Mtume (S.A.W.) ametuonya juu ya neno "lau". Ni kweli, ametuonya na lau ya majuto, ile ya mtu anayegombana na qadari ya Mola wake. Ama lau ya mazingatio, inayomfanya mja aitambue neema aliyopewa, hiyo haina ubaya. Qur'ani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia.

Tuanze na ukweli ambao wengi wetu hatuujui: jambo hilo lilikaribia sana kutokea. Mama yake Hulagu, Bibi Sorghaghtani, alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Nestorio. Mke mkuu wa Hulagu, Doquz Khatun, naye alikuwa Mkristo. Mwezi wa Februari 1258 jeshi la Hulagu lilipoingia Baghdad, Khalifa al-Musta'sim aliuawa pamoja na maelfu kwa maelfu ya raia, lakini Wakristo wa mji huo waliokimbilia kanisani walisalimika. Mwaka 1260 Damascus nayo ikaanguka, na jemadari aliyeachwa kuishika Sham, Kitbuqa, alikuwa Mkristo vilevile.

Hulagu alikwisharudi mashariki na sehemu kubwa ya jeshi lake, baada ya kufariki kaka yake, Khan Mkuu Möngke, mwaka 1259. Kitbuqa akabaki na jeshi dogo. Siku ya Ijumaa, tarehe 25 Ramadhani mwaka 658 Hijria, sawa na tarehe 3 Septemba 1260, Sultani Qutuz wa Misri akamshinda huko Ain Jalut, Palestina.

Hata baada ya hapo mlango haukufungwa. Mjukuu wa Hulagu, Arghun, alimtuma mtawa Rabban Sauma kwenda Ulaya mwaka 1287. Mwaka 1289 alimwandikia Mfalme Philip wa Ufaransa akimtaka wakutane Damascus mwanzoni mwa mwaka 1291, na akaahidi kumpa Jerusalem iwapo wangeshinda. Mtoto wa Arghun alibatizwa na kupewa jina la Nicholas, kwa heshima ya Papa. Lakini wafalme wa Ulaya hawakuja, na Arghun akafariki mwezi Machi 1291.

Sasa tazameni hekima ya Allah (S.W.). Mwaka 1295 mtoto mwingine wa Arghun, Ghazan, alisilimu mbele ya Sheikh Sadruddin Ibrahim, na wengi wa askari wake wakamfuata. Yule aliyebatizwa Nicholas naye akaja kutawala akiwa Mwislamu, kwa jina la Muhammad Khudabanda. Huko kaskazini, Berke, binamu yake Hulagu, alikuwa Mwislamu zamani, na tangu mwaka 1262 alimpiga vita Hulagu. Wanahistoria wanataja pia mgogoro wa ardhi za Kaukasi baina yao, nasi hatuna haja ya kuuficha.

Je, lau mambo yangekwenda kinyume? Huenda Damascus na Jerusalem zingekaa miaka mingi chini ya mkono mwingine, na Cairo isingepata nafasi ya kuwa kimbilio la wanavyuoni. Lakini dini isingetoweka, kwani tangu mwanzo haikuwa imesimama juu ya kiti cha Khalifa. Kiti hicho kilivunjwa mwaka 1258, na bado adhana iliendelea kusikika. Ilisimama juu ya mafundi, makarani, wafanyabiashara, walimu wa vyuo na kina mama, ambao waliishi miongoni mwa Wamongoli kwa miaka arobaini kabla Ghazan hajatamka shahada. Mshindi alikuwa na upanga, naye aliyeshindwa alikuwa na swala yake, uaminifu wake na elimu yake.

Inasimuliwa kisa cha Sheikh Jamaluddin katika Asia ya Kati. Alipita katika uwanja wa mawindo wa mwana wa mfalme, Tughluq Timur, akakamatwa. Kijana yule akamuuliza kwa dharau, nani bora baina yake na mbwa. Sheikh hakukasirika. Alimjibu kwamba akifa na imani, yeye ndiye bora. Akifa bila ya imani, basi mbwa ni bora kuliko yeye. Kijana akataka kuijua hiyo imani ni kitu gani. Alipoelezwa, moyo wake ulilainika, akaahidi kusilimu siku atakapotawala. Sheikh akafariki kabla ya siku hiyo, lakini alimuusia mwanawe akamkumbushe mfalme ahadi yake. Mwana akaenda, akazuiwa kuingia. Basi akawa akiadhini alfajiri karibu na hema la mfalme, hadi alipoitwa ndani kuulizwa sababu ya kelele zile. Akafikisha salamu za baba yake, na Tughluq Timur akasilimu.

Ndugu zangu, hapa ndipo swali letu linapotugeukia wenyewe. Lau yule sheikh angerudisha tusi kwa tusi? Lau mwanawe angesema kuwa wosia ule ni mambo ya wazee? Sisi leo tunawaachia watoto wetu viwanja na nyumba. Je, tunawaachia amana yoyote ya dini ambayo watakuwa tayari kuamka alfajiri kwa ajili yake?

Tusidhani pia kwamba kusilimu kwa mfalme ndio mwisho wa kazi. Mwanzoni mwa utawala wa Ghazan makanisa yalivunjwa, na mwaka 1300 watu wa Damascus waliteseka mikononi mwa jeshi lake lililojiita la Kiislamu. Imam Ibn Taymiyya aliwakabili watawala hao wa Kimongoli akidai mateka waachiwe. Walipokubali kuwaachia Waislamu peke yao, alikataa, akashikilia kuwa Wayahudi na Wakristo waliotekwa nao wako katika dhima ya Waislamu. Hakumlipiza jirani Mkristo dhambi ya Hulagu. Nasi tunaoishi mlango kwa mlango na Wakristo, tuwafundishe hayo watoto wetu.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa, akatukuta watu wa dini. Miaka michache baadaye aliswali Idi katika kambi ya Uzbek Khan, mtawala wa Kimongoli, kwenye nyika za kaskazini. Pwani yetu na nyika zile zilikuwa zikielekea kibla kimoja, na mbegu ya Uislamu ilipandwa kote na watu ambao wengi wao majina yao hatuyajui.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wapandaji, na atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.