Je, Wajua? Sauti Kubwa, Ukuta Mwembamba

Sogea hapa benchini, nikuambie. Je, wajua kwamba spika inaweza kuijaza sebule nzima muziki huku yenyewe imezama ukutani, kina chake sentimita 5 tu? Weka vidole vyako vitatu pamoja uvitazame: huo ndio unene wake wote! Kinachobaki nje ni wavu uliopakwa rangi ya ukuta, na mgeni aliyekuja kunywa chai atazungusha macho akiitafuta redio asiione.

Siri iko kwenye sumaku. Mwaka 1982, Masato Sagawa wa Japani aligundua sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni, na wataalamu wa General Motors nchini Marekani wakafikia jambo hilo hilo karibu wakati mmoja. Nguvu yake ni karibu mara 10 ya ile sumaku nyeusi unayoiona nyuma ya spika kuukuu! Kipande chembamba kikaanza kufanya kazi ya donge zima, na spika ikapungua tumbo.

Lakini umbo lenyewe la spika, je, wajua lina umri gani? Limetimiza miaka 100! Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walilieleza mwaka 1925: koili ya waya, sumaku, na koni inayosukuma hewa. Spika ya matatu iliyokupigia muziki kutoka Kibwezi hadi Mutomo, ya redio ya nyanya jikoni, na hiyo iliyo ndani ya simu yako, zote bado zinafanya kazi kwa mpango huo huo.

Haya, tuingie nyumbani. Ukuta wa mawe ya inchi 6 una sentimita 15 hivi. Ukiutindua sentimita 10 ili kuingiza spika ya kawaida, umebakiwa na sentimita 5 za jiwe. Ukiweka ile bapa ya sentimita 5, zinabaki 10, mara mbili! Na kuna mafundi wasiogusa jiwe kabisa: wanasimamisha ukuta wa jipsamu mbele ya ule wa mawe, palepale pa runinga, na uwazi wa katikati ndio unakuwa makao ya spika.

Na jipsamu yenyewe, subiri usikie hili. Je, wajua kwamba karibu asilimia 21 ya uzito wa jipsamu safi ni maji? Si unyevu wa kukaushwa na jua la Januari. Ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Bodi yenye kilo 20 za jipsamu imebeba zaidi ya lita 4, nayo imesimama sebuleni kavu kabisa! Huku kwetu Kitui Kusini, ambako kila mtungi wa maji una hesabu yake, mimi siwezi kuigonga bodi hiyo bila kustaajabu. Moto ukizuka, maji hayo hutoka kwa mvuke na kuuchelewesha.

Ukisha kuigonga jipsamu, nenda ukagonge jiwe. Ukitoka Kibwezi kuja Mutomo, ukishavuka mto Athi unaupanda uwanda wa Yatta. Je, wajua kwamba uwanda huo ni lava iliyotiririka karibu kilomita 300, miongoni mwa mitiririko mirefu kabisa duniani? Ina umri wa miaka milioni 13 hivi. Na jiwe lake, fonolaiti, likipigwa nyundo hutoa mlio wa kengele! Watu wa Kitui Kusini na Makueni wana jiwe la muziki mlangoni.

Shika sasa spika tupu mkononi, isiyo na kasha, uiwashe. Besi imeenda wapi? Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta, na mawimbi hayo mawili yanakutana pembeni yanauana. Izamishe ukutani: ukuta unayatenganisha na besi inarudi. Tena sauti nzito huongezeka hadi desibeli 6 ukilinganisha na spika iliyowekwa mbali na kuta zote, bila hata senti moja ya stima!

Wafikiri kutia sauti ukutani ni mambo ya jana? Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Mroma Vitruvius aliandika jinsi ya kupanga vyombo vya shaba katika vishubaka vya ukumbi wa michezo ili viitikie sauti za waigizaji. Na huku Afrika Mashariki, Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna mihirabu ya msikiti yenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Imamu anasali ameuelekea ukuta, na ule mviringo unairudisha sauti yake kwa walio nyuma. Hakuna waya, hakuna betri!

Swali la haraka: sauti hukimbia zaidi mchana au usiku? Mchana! Hewa ikiwa nyuzi 34, inakwenda karibu mita 352 kwa sekunde. Ikipoa hadi 18, ni 342. Jua la Mutomo linaisukuma sauti mita 10 zaidi kila sekunde.

Sasa twende kwenye besi, maana hapa ndipo ukuta mwembamba unapopimwa nguvu. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Wimbi lake moja lina urefu wa mita 8 na zaidi, refu kuliko sebule nyingi! Kila unapoisikiliza benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers ukiwa umekaa kitini, wimbi moja la besi linaweza kuizidi sebule yako.

Na je, wajua bei ya kushuka chini? Spika inayopiga mitetemo 80 kwa sekunde, ukiitaka ipige 40 kwa ukubwa ule ule wa sauti, lazima isogeze hewa mara 4. Mara nne! Ndiyo maana spika bapa nyingi huishia kwenye mitetemo 50 au 60, na mwenye kupenda besi nzito huongeza sanduku la besi pembeni. Mimi nasema wazi: kwa gitaa, mahubiri na taarifa ya habari, sentimita 5 zinatosha kabisa.

Yuko mwenye besi isiyo na mshindani, naye ni jirani yetu. Ndovu wa Tsavo Mashariki, hifadhi inayopakana na Kitui Kusini, huongea kwa sauti nzito mpaka sikio la binadamu haliambulii kitu, chini ya mitetemo 20 kwa sekunde. Jioni hewa ikitulia, mwito wake unaweza kufika kilomita 10! Unaweza kuwa umesimama karibu naye, yeye anazungumza, nawe hujasikia neno.

Na spika iliyofichwa imewahi kumtimua ndovu. Unabisha? Mtafiti Lucy King na wenzake walificha spika porini Samburu wakapiga mlio wa nyuki waliokasirika, na mwaka 2007 wakachapisha matokeo. Kati ya familia 17 za ndovu, 16 ziliondoka ndani ya sekunde 80! Hapakuwa na nyuki hata mmoja. Leo wakulima wa Sagalla, jirani na Tsavo, wamezungushia mashamba yao ua wa mizinga halisi.

Bado, hili ndilo linaloniacha mdomo wazi. Amboseli, mtafiti Karen McComb na wenzake waliwapigia ndovu sauti za wanaume Wamaasai na za wanaume Wakamba kupitia spika, wote wakisema maneno ya maana moja, kila mmoja kwa lugha yake. Mwaka 2014 walitoa jibu: ndovu walikusanyika kwa hofu na kunusa hewa zaidi waliposikia Kimaasai kuliko Kikamba! Wamaasai huko wamewahi kuwachoma mikuki. Wakamba wengi ni wakulima. Na sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai hazikuwatisha kama za wanaume wazima. Ndovu anatofautisha lugha, jinsia na umri, kwa spika tu. Waambie watoto leo jioni!

Turudi ndani. Katika stima yote unayoipa spika, ni karibu asilimia 1 tu, mara nyingi pungufu, inayogeuka sauti. Iliyobaki ni joto! Na ukitaka muziki usikike mkubwa mara mbili, wati 10 hazigeuki 20: zinageuka 100.

Sikio lako nalo, lisifie. Katika sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia, ngoma ya sikio husogea umbali mdogo kuliko upana wa chembe moja ya haidrojeni. Hakuna fundi wa saa duniani anayegusa kitu kwa wepesi huo.

Kwa nini spika mbili, si moja? Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza, alikerwa kwamba kwenye sinema mwigizaji anatembea upande huu wa pazia huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Desemba 1931 aliomba hataza ya sauti ya pande mbili. Ndiyo hiyo unayoitumia ukiweka spika moja kushoto na nyingine kulia kwa runinga.

Na jirani wa chumba cha pili, umemfikiria? Tundu likiwa asilimia 1 tu ya ukuta, ukuta huo hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata uwe wa zege! Kwa hiyo ziba kila upenyo nyuma ya spika, ujaze sufi ya kuzuia sauti. La sivyo mtoto wa kidato cha nne chumbani atasoma hesabu kwa mdundo wa benga.

Jambo moja zaidi, kisha nikuache. Stima ya Kenya hugeuka mwelekeo mara 100 kila sekunde, na waya wa spika ukilala kando ya waya wa stima, spika inaweza kuanza kunguruma. Acha sentimita 30 kati ya nyaya hizo. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa msalaba. Spika ile ndogo ya sauti nyembamba ikae kimo cha sikio la mtu aliyeketi, karibu mita 1 kutoka sakafuni. Na kabla fundi hajaanza kutindua ukuta, zima stima kwenye swichi kuu, kisha mwonyeshe kwa chaki mabomba ya waya yanapita wapi.